UZI: Kuchagua dalali wa hisa mtandaoni (DSE ya Dar es Salaam, NSE ya Nairobi na soko la nje): twende na makato halisi

#1 Mchele_Kyela

Wakuu, habari za jioni. Swali la "programu gani nzuri ya kununulia hisa" huwa linajibiwa kwa majina matupu, kila mtu anataja ile aliyonayo kwenye simu. Naomba humu twende kwa vigezo. Mtu ana milioni moja hadi tano, anataka hisa za DSE akae nazo miaka kadhaa, na baadaye huenda akagusa soko la nje. Aangalie nini kwanza? Kipi kinamla hela bila kujua? Nini huwa kinakwama?

Wajuzi karibuni. Matangazo ya magrupu ya Telegram hapana.

#2 Bwana_Makato

Kabla ya kupakua chochote, jiulize: hisa zikishanunuliwa zinaandikwa kwa jina la nani?

Kwa DSE jibu ni: jina lako. Hisa hazikai kwa dalali. Zinakaa kwenye akaunti yako ya CDS (akaunti ya kielektroniki ya kutunzia hisa), katika daftari la CSDR, kampuni tanzu ya soko inayotunza kumbukumbu za wenye hisa. Dalali kazi yake ni kupokea oda, kuiingiza sokoni na kuchukua kamisheni. Akifunga ofisi kesho, hisa zako bado zipo na unahamia kwa mwingine. Chenye kesi ni pesa taslimu uliyomwachia. Basi usimfanye dalali kibubu: tuma hela siku unayotaka kununua, na ukiuza, toa.

Hisa Kiganjani ni mfumo wa DSE wenyewe, upo kama programu na pia kwa *152*00# kwa wenye simu za kitochi. Wengi wanadhani ukiutumia umemruka dalali. Hujamruka. Ukiweka oda unachagua dalali kwenye orodha, na kamisheni inakatwa vilevile. Madalali wapo kadhaa, mfano Orbit, Vertex, Solomon, Zan Securities, Core. Orodha kamili ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, na hiyo ndiyo ya kuamini, siyo bango la Instagram.

#3 Bwana_Makato

Makato sasa, maana ndipo penye ukimya. Kamisheni ya dalali DSE inakwenda kwa ngazi:

- milioni 10 za mwanzo: asilimia 1.7
- milioni 40 zinazofuata: asilimia 1.5
- zaidi ya milioni 50: asilimia 0.8

Juu yake kuna ya soko 0.14, ya CMSA 0.14, ya CDS 0.06 na ya mfuko wa fidia 0.02. Jumla ya hivyo vidogo ni 0.36. Halafu VAT ya asilimia 18 juu ya kamisheni.

Ukinunua hisa za shilingi 1,000,000: kamisheni 17,000, VAT yake 3,060, vidogo 3,600. Jumla 23,660. Na siku ya kuuza unakatwa tena hivyohivyo, jambo ambalo wengi hawalihesabu. Ukikokotoa kwenda na kurudi, bei inabidi ipande kama asilimia 4.85 ndipo urudishe hela yako. Hisa uliyonunua kwa 1,000 haijakupa faida mpaka ipite 1,049. Anayenunua Jumatatu na kuuza Ijumaa kwa sababu bei imepanda asilimia 3 amempa dalali zawadi.

Kosa lingine ni la ngazi. Mtu ana milioni 30, anazidisha zote kwa 1.7 anapata 510,000, au zote kwa 1.5 anapata 450,000. Zote si sahihi. Ni 170,000 kwa milioni 10 za kwanza na 300,000 kwa milioni 20 zilizobaki, jumla 470,000 kabla ya VAT. Linganisha na kontrakti noti, yaani karatasi ya dalali inayoonyesha bei na makato ya oda iliyotekelezwa, mstari kwa mstari. Dalali asiyetuma kontrakti noti mpaka aombwe, huyo mhame.

#4 Mchele_Kyela

Shukrani mkuu. Kwa hiyo hakuna dalali wa bei rahisi?

#5 Bibi_Gawio

Kwa hisa za DSE viwango ni vilevile karibu kwa kila dalali, kwa hiyo usimchague kwa bei. Mchague kwa vitu vitatu: oda yako inachukua muda gani kufika sokoni, hela ya mauzo inakufikia siku ya ngapi baada ya kukamilika, na ukipiga simu saa tano asubuhi anapokea nani. Kuna madalali wana programu nzuri mno, lakini nyuma yake yupo kijana mmoja anayeingiza oda kwa mkono akitoka chai.

Namna ya kupima ni rahisi. Weka oda ya hisa inayotembea kila siku, NMB au CRDB, kwa bei ambayo muuzaji yupo tayari. Andika saa. Angalia imetekelezwa saa ngapi na kontrakti noti imefika lini. Kisha uza na utoe hela yote mpaka benki. Kwa shilingi 50,000 jaribio hilo litakula kama 2,400 za makato. Ni karo ndogo kuliko kujua tabia ya dalali ukiwa tayari umeweka milioni nne.

#6 Nyota_ya_Tanga

Niongezee upande wa oda, maana hapo ndipo wageni wanaumia na dalali hana kosa.

DSE ukwasi ni mdogo, yaani wanunuzi na wauzaji ni wachache. Ukiweka oda ya "bei yoyote ya soko" unakula ngazi za wauzaji mmoja baada ya mwingine. Mfano: wauzaji waliopo ni hisa 500 kwa 800, hisa 300 kwa 830, na hisa 1,000 kwa 870. Wewe unataka 1,500. Utapata 500 kwa 400,000, kisha 300 kwa 249,000, kisha 700 kwa 609,000. Jumla 1,258,000, wastani 839 kwa hisa, wakati kwenye skrini uliona 800. Umepoteza karibu asilimia 5 kabla hata ya makato ya Bwana_Makato.

Dawa yake ni oda yenye kikomo cha bei. Andika 800, subiri. Ikibaki nusu, iache au panda kidogo kesho. Angalia pia uhai wa oda: ya siku moja hufa soko likifungwa, na mtu anakaa wiki akidhani yuko foleni. Programu isiyokuonyesha wanunuzi na wauzaji waliopo, inayokuonyesha bei ya mwisho tu, inakuficha nusu ya habari. Bei ya mwisho inaweza kuwa ya wiki mbili zilizopita.

Na ukiona KCB au EABL kwenye orodha ya DSE usifurahi sana. Zimeorodheshwa huku pia, lakini wauzaji wake wako Nairobi.

#7 Fundi_Fomu

Usajili unakwama kwa sababu zilezile kila siku:

Jina. NIDA linasema majina matatu, benki ina majina mawili, laini ya simu ni ya shemeji. Mfumo unasoma NIDA, kwa hiyo vingine vyote vifuate NIDA. Rekebisha benki kwanza ndipo ujisajili.

CDS mbili. Aliyenunua kwenye toleo la awali la NMB mwaka 2008, CRDB mwaka 2009 au Vodacom mwaka 2017 kwa shilingi 850, tayari ana namba ya CDS hata kama ameisahau. Akijisajili upya, hisa zinakuwa sehemu mbili na gawio linapotea katikati. Uliza kwanza namba ya zamani kwa kitambulisho chako, kisha omba taarifa zisasishwe.

Vyeti vya karatasi. Mwenye cheti cha zamani kabatini hawezi kukiuza kwenye programu yoyote. Kinapelekwa kwa dalali, kinahakikiwa, kinaingizwa CDS, ndipo kiuzwe. Ukiwa na haraka ya ada ya shule, anza miezi kabla.

Malipo. Lipa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, au akaunti ya benki yenye jina la kampuni ya dalali. Ukiambiwa "tuma kwenye namba hii ya ofisa wetu", hapo hakuna ofisa wala ofisi.

#8 Wa_Kisauni

Hamjambo ndugu zetu. Kwa sisi wa soko la Nairobi mpangilio ni ndugu na huo: akaunti iko CDSC, daftari kuu la hisa la Kenya, kwa jina lako, broka ni wakala. Unafungua kupitia broka kwa kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na picha, unaweka pesa kwa M-Pesa au benki. Makato yote pamoja hukaribia asilimia 2 kila upande, na wengi wana kima cha chini cha shilingi 100, kwa hiyo oda ya shilingi 1,000 inalamba asilimia 10 papo hapo. Tangu Agosti 2025 NSE imeruhusu kununua hata hisa moja badala ya mafungu ya 100, watu wakashangilia, lakini hicho kima cha chini bado wakitazame. Mauzo hukamilika siku ya tatu ya kazi.

Ila msitegemee jina peke yake. Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2008, na malalamiko yaliyotanda wakati ule yalikuwa ya hisa za wateja kuuzwa bila idhini yao. Akaunti zilikuwa kwa majina yao. Tatizo ni kwamba broka ndiye mwenye ufunguo wa kuingiza oda. Na mfuko wa fidia wa Kenya una ukomo wa shilingi 50,000 kwa mwekezaji. Aliyekuwa na milioni mbili ahesabu mwenyewe.

Kinga ni kujisajili kwa arifa za CDSC zije moja kwa moja kwenye simu yako, zisipitie kwa broka. Hisa ikitoka bila wewe kuuza, ujue siku hiyohiyo.

#9 Bwana_Makato

@Wa_Kisauni nakubali, nilisema mlango nikasahau funguo. Kwa DSE vilevile, ingia Hisa Kiganjani walau mara moja kwa mwezi uangalie salio lenyewe. Usitosheke na taarifa ya PDF ambayo dalali ameitengeneza.

#10 Mchele_Kyela

Na soko la Marekani je? Naona wengi wanataja Interactive Brokers.

#11 Jahazi_la_Dola

Rudi kwenye swali la #2. Huko hisa haiandikwi kwa jina lako. Inaandikwa kwa jina la taasisi ya utunzaji, na broka anabaki na daftari la ndani linalosema wewe una ngapi. Kwa hiyo daftari la broka na kinga yake ndivyo unavyonunua. Akaunti zilizoko chini ya SIPC, shirika la Marekani la kuwakinga wateja wa mabroka, zina kinga hadi dola 500,000, ndani yake taslimu isizidi 250,000, broka akifilisika na mali za wateja zikapungua. Hisa ikishuka bei hakuna fidia.

Interactive Brokers haina kiwango cha chini cha kufungulia. Bei yake ya kudumu kwa hisa za Marekani ni senti nusu kwa hisa, chini kabisa dola 1 kwa oda, lakini isizidi asilimia 1 ya thamani. Bei ya ngazi huanzia senti 35 kwa oda. Kutoa hela mara ya kwanza kila mwezi ni bure kwa upande wao. Mauzo ya Marekani tangu Mei 28, 2024 hukamilika siku moja ya kazi baada ya biashara.

Kwa hiyo broka si ghali. Benki ndiyo inayokula. Chukua mfano benki inakata dola 30 kutuma kwa SWIFT: ukituma dola 100 kila mwezi umepoteza asilimia 30 kabla hujanunua kitu. Ukituma 1,200 mara moja kwa mwaka ni asilimia 2.5. Ongeza tofauti ya bei ya kununua dola kaunta. Ukiona gharama yote ya kufika imepita asilimia 3, DSE na mifuko ya ndani inakupa ushindani wa kweli.

Wakati wa kufungua utaulizwa akaunti ya taslimu au ya mkopo. Chagua ya taslimu. Ya mkopo inakuruhusu kununua zaidi ya ulichonacho, riba inaanza kukimbia, na bei ikishuka wanauza hisa zako bila kukupigia simu. Kwa anayekwepa riba kidini jambo hilo halina mjadala.

#12 Jahazi_la_Dola

Kodi, ambayo video za YouTube huruka.

Utajaza fomu W-8BEN ya kuthibitisha wewe si mkazi wa Marekani. Inakwisha mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini, ukisahau kuihuisha akaunti inaanza kusumbua. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio la kampuni ya Marekani linakatwa asilimia 30. Dola 100 zinakuwa 70. Linganisha na hisa za DSE ambapo kodi ya zuio kwenye gawio ni asilimia 5.

La pili ni zito zaidi. Asiye raia wala mkazi wa Marekani akifa akiwa na mali za Marekani zinazozidi dola 60,000, ziada hiyo inaangukia kodi ya mirathi, na viwango vyake vinafika asilimia 40. Hisa za kampuni za Marekani zinahesabika hata kama broka wako yuko Ulaya.

Ndiyo maana wenye kiasi kikubwa hununua mifuko ya ETF (mifuko ya pamoja inayouzwa sokoni kama hisa) iliyosajiliwa Ireland na kuuzwa London, kwa mfano CSPX au VUAA zinazofuata S&P 500, faharasa ya kampuni kubwa za Marekani. Mfuko wenyewe hukatwa asilimia 15 kwa mkataba wa Ireland na Marekani, na wewe unamiliki kipande cha mfuko wa Ireland, si mali ya Marekani. Basi kigezo kimoja cha kuchagua broka wa nje ni je, anafika London? Zile programu zinazouza hisa za New York tu zinakufungia mlango huo.

#13 Fundi_Fomu

Kwa Mtanzania kuna hatua kabla ya hizo zote: Kanuni za Fedha za Kigeni za 2022. Kutoa mtaji kwenda kununua hisa nje ya EAC na SADC kunadhibitiwa na BoT (Benki Kuu). Nenda benki yako, sema wazi unatuma kwa ajili ya uwekezaji, waambie wakueleze kibali kinavyoombwa. Usiandike "karo" au "matibabu" kwenye fomu ya kutuma. Siku fedha zinarudi utaulizwa zilitokaje, na uongo wa fomu utakuwa umesainiwa na wewe.

#14 Nyota_ya_Tanga

Kabla uzi haujakwenda mbali, tutenge hizi programu zinazosema "nunua Apple na Tesla kwa dola 10, mkopo mara 100, bonasi ya kujiunga". Swali la jina la nani lina jibu fupi hapa: la hakuna mtu. Hakuna hisa. Ni CFD, dau kati yako na kampuni juu ya mwendo wa bei. Huna kura, huna hisa ya kuhamisha, na kila usiku unaolala na dau wazi unalipishwa.

Mwaka 2018 ESMA, msimamizi wa masoko wa Ulaya, alisema akaunti 74 hadi 89 kati ya 100 za wateja wadogo wa CFD hupoteza hela. Akaweka ukomo wa mkopo: mara 30 kwa sarafu kubwa, mara 5 kwa hisa moja moja. Sasa ukiona unapewa mara 500, jua umesajiliwa nje ya ukomo huo hata kama nembo ni ileile ya London. Fungua mkataba wa mteja, ukurasa wa kwanza, soma jina la kampuni unayosaini nayo na nchi yake. Mara nyingi tangazo ni la Uingereza, mkataba ni wa Seychelles au Saint Vincent. Kisha tafuta namba ya leseni kwenye daftari la msimamizi mwenyewe, ukiandika anuani kwa mkono. Kiungo kilichomo ndani ya programu kinaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa kughushi.

Dalili nyingine: wanaruhusu kuweka hela kwa dakika mbili, kutoa wanadai "kodi ya kufungulia". Kodi hailipwi hivyo popote.

#15 Msafiri_Muscat

Wakuu, na mtu anayetaka hatifungani za serikali tu, anahitaji dalali hawa hawa?

#16 Bibi_Gawio

Si lazima. Mnada wa BoT unaingia kupitia benki au dalali aliyeruhusiwa, kuanzia shilingi 1,000,000 kwa hatifungani. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Muda unaanzia miaka 2 hadi 25. Dalali wa DSE unamhitaji ukitaka kununua au kuuza iliyokwisha kutolewa, na kamisheni ya hatifungani ni sehemu ndogo tu ya ile ya hisa. Hapo swali la kumuuliza ni moja: "Una wateja wa upande wa pili?" Hatifungani hazijipangi kwenye skrini kama hisa, mara nyingi dalali ndiye anayetafuta mnunuzi. Dalali mwenye wateja wachache atakuweka mwezi mzima.

UTT si dalali. Ni mifuko ya pamoja, unanunua vipande kwa thamani ya siku. Watu huchanganya.

#17 Mchele_Kyela

Nimepata mengi. La mwisho kwangu: mwenye akaunti akifariki?

#18 Fundi_Fomu

Kwa hisa za CDS, familia inafungua mirathi mahakamani, msimamizi anateuliwa, anapeleka barua ya usimamizi na cheti cha kifo kwa dalali au CSDR, hisa zinahamishiwa kwake au kwa warithi. Kinachochelewesha kwa kawaida ni kwamba hakuna anayejua kama hisa zipo. Nywila usimpe mtu. Andika namba ya CDS, jina la dalali na benki inayopokea gawio, weka pamoja na hati ya kiwanja.

Kwa broka wa nje ni mlolongo mwingine: nyaraka za mahakama zilizotafsiriwa Kiingereza na kuthibitishwa, na kama mali za Marekani zimepita zile dola 60,000 za #12, fomu ya kodi ya mirathi kwanza.

#19 Bibi_Gawio

Na akaunti ya gawio iwe ya benki unayoitumia. Ukifunga akaunti au kubadili benki, peleka fomu ya mabadiliko CSDR kupitia dalali wako kabla ya tarehe ya kufunga daftari la gawio. Ukipeleka baada ya hapo, gawio la mwaka huo linakwenda kwenye akaunti iliyokufa, linarudi kwa kampuni, na kulidai ni barua juu ya barua.